Matawi Uliyoyaona

Mwamini mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na nimekusikia ukicheka na Mama Josefu pale kwenye bomba la maji. Jua bado lipo. Nimefunga cherehani mapema, nikatafuta karatasi, nikaketi mlangoni fasi yenye mwanga. Mkono wangu unajua sindano kuliko kalamu, na wewe unajua niliacha shule darasa la tatu, kule Fizi, Kongo. Ukiona makosa, cheka kidogo halafu uendelee kusoma.

Nataka uisome hii kesho ndani ya gari, kabla ya kufika Mbarara. Usiiweke mpaka ufike kwenye chuo cha masista Nyamitanga. Kabla ya Nyamitanga unapita kwanza ofisini kwa avoka wetu wa kesi, Madamu Kyomuhendo, na yeye ana swali moja tu. Kampuni ya barabara imesema itaondoa rufaa yake, ilipe, mambo yaishe, ila ukubali kwa maandishi kwamba sehemu ya kosa la siku ile ilikuwa yako. Ukikataa, kesi inakwenda mbele ya majaji wakubwa wanaotoka Kampala, na huko hakuna anayejua itatokaje. Juma zima nimekupigia kelele ukubali. Hii barua si kelele nyingine.

Mambo ya sabuni, ya chakula, ya kuamka mapema, hayo sitayaandika. Nimeyasema mpaka umeziba masikio. Na pale kwenye daraja la Rwizi, usipande boda ya mtu anayezungumza na simu. Basi, nimekwisha kuandika moja. Nisamehe, na hilo ni la mwisho.

Nataka kukueleza kwa nini mama yako anaogopa ofisi. Tulipofika hapa kambini Nakivale ulikuwa mdogo, nakubeba mgongoni. Tulipanga foleni ya kuandikishwa, na mbele yangu kulikuwa na mwanaume mmoja mwenye maneno mengi. Akaniambia, "Mama, wakikuuliza kazi, sema hujui kazi yoyote. Wenye kujua kazi hawapewi kitu." Mimi nilikuwa nimeshona tangu ujana wangu. Nilishona nguo za harusi, nilishona sare za shule nzima. Nikafika mezani, yule kijana akaniuliza kwa upole, "Unajua kazi gani?" Nikajibu, "Sijui kitu." Akaandika.

Baadaye zilikuja cherehani za kugawia mafundi. Nilikimbia pale na vidole vyangu vyenye alama za sindano, nikawaonyesha. Wakatazama, wakasema, "Mama, hapa umesema hujui kitu." Ndiyo maana nilikodi cherehani ya Mama Josefu miaka yote ile, ukiniona nashona saa ambazo wengine hawaitumii, usiku au mchana. Yule mwanaume wa foleni alipata cherehani. Alikuwa amesema yeye ni fundi. Hata kutia uzi kwenye tundu hakujua.

Ungefikiri mtu akipata somo kama hilo, analishika. Mimi nililishika kwa upande mbaya. Sikujifunza kusema kweli. Nilijifunza kwamba kila ofisi ina jibu lake lililofichwa, na mjanja ni yule anayelijua kabla ya kuingia. Nilikulea na wazo hilo. Bahati yako hukulichukua.

Sasa tuje kwenye shimo. Unalijua kuliko mimi, wewe ndiye uliyeingia ndani. Lakini acha nikueleze nilivyoliona mimi.

Ile kampuni ilikuja kupanua njia ya kwenda Rugaaga. Tulifurahi, hata tuliwapikia chai. Ijumaa vijana wao wakakata barabara kutoka upande mmoja hadi mwingine, wakisema watalaza mabomba makubwa ya zege. Mabomba hayakuja. Wakafunga shantie yao ya kazi, wakapanda kamio lao la mizigo, wakaenda zao. Hawakuacha mlinzi wala kamba, hata kibao. Papa Asende jirani yetu akachukua panga, akakata matawi ya mkaratusi, mimi nikamsaidia kuyavuta, tukayalaza barabarani huku na huku. Hivyo ndivyo watu wanavyofanya gari likiharibika njiani, kila dereva anaelewa. Tukarudi nyumbani tukiona tumefanya vizuri.

Jumamosi asubuhi ulipita pale na baiskeli, ukayaona, ukashuka, ukazunguka pembeni. Jioni ulikuwa unarudi na unga wa muhogo, giza limeanza, na matawi hayakuwepo. Sote tunajua yalikokwenda. Hapa kwetu kuni zinatafutwa kama dawa. Tawi, hata bichi, haliwezi kulala barabarani siku nzima bila mtu kulihurumia. Nani aliyachukua, sijauliza mpaka leo. Huenda niliota moto wake.

Mguu wako, ile gari iliyokubeba hadi hospitali ya Mbarara, vile vyuma, hayo nayaruka. Nitataja kitu kimoja tu. Ulipozinduka, neno la kwanza nililokuambia, mimi mama yako, lilikuwa, "Lakini si ulijua kuna shimo?" Uligeuza uso ukutani. Nimekushonea magauni mangapi tangu wakati ule, na kila gauni lilikuwa la kuomba msamaha kwa neno lile. Nadhani hukujua, uliona ni magauni tu.

Kesi ya kwanza nilikuambia usiende na maneno mengi. Madamu Kyomuhendo alitaka useme yote. Mimi nilikuita pembeni, nje ya korti, nikakunong'oneza, "Matawi usiyataje. Ukiyataja watasema uliona hatari."

Halafu yule mwanasheria wa kampuni akasimama, mrefu, sauti kama ya padri mpya.

"Asubuhi ulipita pale?"

"Nilipita."

"Ulikuta nini?"

"Matawi."

Nikakohoa. Ulisikia, najua ulisikia, maana hata hakimu aliinua macho.

"Kwa hiyo ulijua kuna shimo."

"Asubuhi nilijua. Jioni matawi hayakuwepo, nikafikiri wamefukia."

"Ulifikiri. Hukushuka kutazama?"

"Sikushuka."

Ulikuwa na miaka kumi na tano, fimbo mbili za kutembelea zimeegemea benchi, na ulijibu kama mtu anayeulizwa jina lake. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Hakimu akaamua walivyotaka wao. Akasema msichana aliijua ile hatari kwa kinywa chake mwenyewe. Akasema pia wale waliochimba hawakuwa wa kampuni, walikuwa wa fundi mwingine aliyepewa kazi ya mabomba, tumtafute huyo. Fundi mwenyewe alikuwa amekwisha kuhama, hakuna aliyejua alikokwenda. Basi kosa lote likabaki kwako na kwa mtu asiyeonekana.

Njiani kurudi nilikulaumu. Nilisema mbele ya watu, "Ungenyamaza tu kuhusu matawi." Na wewe ukasema, taratibu, bila hasira, "Mama, lakini niliyaona."

Nilikasirika. Mtu akikosa jibu ndivyo anavyofanya, hasa akiwa mama.

Madamu akasema tukate rufaa. Mimi nikaelewa kwamba rufaa ni kuanza upya. Kwa kichwa changu niliona hivi: jaji wa Mbarara hajui chochote, tunakwenda kumsimulia kesi nzima tena, na safari hii tunaisimulia vizuri. Nilifanya kazi ile kama ninavyopanga harusi. Nilikusanya majirani hapa uani, kila mtu nikampa kipande chake. Unakumbuka Papa Asende alivyosimama katikati, mkono kifuani?

"Miye, mbele ya Mungu, sikuona hata jani moja."

Wewe ulikuwa unachambua maharage. Ukasema, "Papa, lakini ni weye uliyakata."

"Siku ile ndiyo, niliyakata. Mu tribinali, mbele ya jaji, hapana."

"Na panga?"

"Panga nitaliacha nyumbani, haliwezi kusema kitu."

Watu walicheka mpaka machozi. Wewe pia ulicheka, lakini uliingia ndani na maharage yako, na hukutoka tena mpaka walipoondoka. Nilijua ulivyofikiri. Nilijifanya sijui.

Siku yenyewe tulikwenda Mbarara kama watu wa ubatizo. Vitenge vya kufanana, sombe la majani ya muhogo kwenye sufuria, wali, bidoni ya maji. Papa Asende alivaa koti la marehemu kaka yake. Tukaketi nyuma, kila mmoja akirudia maneno yake kimoyomoyo. Jaji akaingia, mama wa makamo mwenye miwani. Mwanasheria wao akazungumza Kiingereza, Madamu Kyomuhendo akazungumza Kiingereza, jaji akauliza hapa na pale, akaandika. Nikangoja tuitwe. Papa Asende akachoka kungoja, akanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Polisi wa mlangoni akamwendea.

"Mzee, weka mkono chini."

"Mimi ni shahidi."

"Leo hakuna shahidi."

"Afande, nimetoka Nakivale."

"Hata ukitoka Juba, mzee. Weka mkono chini."

Jaji akasema ataamua siku nyingine, akatoka. Ikawa imekwisha. Tulibaki tumeketi na vitenge vyetu.

Kule nje kwenye ngazi Madamu akanieleza, na uso wake ulikuwa kati ya kucheka na kunionea huruma. Kwenye rufaa, akasema, hakuna anayesimulia upya. Jaji anasoma yaliyosemwa kule chini, neno kwa neno, halafu anaangalia kama hakimu aliyapima sawasawa. Hakuna kuongeza, hakuna kupunguza. Nikamuuliza, "Kwa hiyo lile la matawi?" Akasema, "Limo, mama. Lote." Nikamuuliza, "Na yeye atalisoma?" Akasema, "Analisoma."

Nikaketi pale pale kwenye ngazi. Nilikumbuka ile meza ya kuandikishwa, yule kijana mpole, kalamu yake. Nikasema moyoni, imekuwa tena. Mimi nilisema uongo nikapoteza cherehani, mtoto wangu amesema kweli na atapoteza kesi. Basi mtu aseme nini?

Papa Asende yeye alikwisha kufungua sufuria. "Bon," akasema, "angalau sombe halijakataliwa." Tukala pale nje, na yule polisi tukampa sahani.

Ile siku ya hukumu nilikwenda na wewe tu. Nilifikiri tukishindwa, bora tushindwe wawili. Madamu alitueleza polepole, sentensi baada ya sentensi, na mimi nimeyarudia maneno yale nikishona, nikipika, nikingoja maji, kwa hiyo hayawezi kunipotea.

Jaji alisema, barabara ile ilikuwa imekabidhiwa kampuni, na kampuni ikimpa mtu mwingine sururu, haijampa pamoja nayo jukumu la kulinda wapita njia. Hilo linabaki kwa kampuni. Alisema, wakaaji wakilaza matawi, wanafanya kazi ambayo mwenyewe ameiacha. Kampuni haiwezi kuyachukua matawi ya watu na kuyaita alama zake. Kwa hiyo matawi yaliyotushinda kule chini, yeye aliona yanaonyesha kwamba hapakuwa na alama yoyote. Matawi yale yale. Nilitaka kumwita Papa Asende aje asikie.

Halafu akafika kwako. Alisema, msichana huyu aliulizwa jambo ambalo jibu lake lingemuumiza, na hakulikwepa. Alikubali kwamba aliyaona asubuhi. Mtu anayekubali lile linalomuumiza, jaji akasema, sioni sababu ya kumkatalia anaposema jioni hayakuwepo. Na mtoto anayekuta onyo limeondolewa ana haki ya kufikiri kwamba hatari nayo imeondolewa. Akaamuru kampuni ilipe.

Madamu alipomaliza, nilikuangalia. Ulikuwa unatazama sakafu. Nikangoja ulie, kwa sababu mimi nilikuwa nalia. Ukasema tu, "Basi haikuwa mimi." Kwa sauti ndogo, kama mtu anayeweka chini mzigo alioubeba mpaka akasahau kwamba anabeba. Nilikuwa sijui, Mwamini. Nilidhani unaumwa mguu.

Nataka ulijue hili, na ulishike hata ukisahau mengine. Nimeona watu wakubwa kortini. Nimeona mwanasheria wa suti, nimeona wakubwa wa kampuni na gari lao. Yule jaji, katika maneno yote aliyosoma, ya watu wote, aliegemea ya kwako. Nami nilikuwa nimeleta gari zima la watu kuyarekebisha. Kama sheria ingeniruhusu siku ile, ningeiharibu kesi yako kwa mikono yangu, na sombe juu yake. Ninapopita sokoni na watu wananiita Mama Mwamini, tangu siku ile nageuka polepole ili waite mara ya pili.

Na sasa wamekata rufaa yao. Nilifikiri ukishinda umeshinda. Kumbe na wao wana ngazi ya kupanda. Ndipo wakaleta hili la makubaliano, na mimi, pamoja na yote niliyoyaona, nikarudia mambo yangu. Jumapili nilikuambia, "Sema sehemu ndogo ni yako, nani ataumia?" Ukaweka kijiko chini. Ukasema, "Sehemu gani, mama? Nionyeshe." Nikasema wewe ni mkaidi kama baba yako. Hukula tena.

Nimetafuta hiyo sehemu tangu Jumapili. Nimeipitia siku ile kutoka asubuhi hadi jioni, kama ninavyopitia mshono kutafuta uzi uliokatika. Sijaiona. Lakini pia najua mguu unakuuma kipindi cha mvua. Najua masomo hayajilipi. Najua majaji ni watu, na wale wa kwanza na wa pili walisoma maneno yale yale wakaona tofauti, basi wa tatu wanaweza kuona la kwao. Ukisema umechoka, unataka kumaliza na kwenda kusoma ualimu wako kwa amani, hakuna anayeweza kukuita mwoga, na atakayekuita atanikuta mimi. Ukisema hapana, nitangoja na wewe hata majaji wakawie. Kungoja ni kitu ninachokijua vizuri, ndiyo kazi niliyoifanya zaidi ya kushona.

Kuna jambo Madamu Kyomuhendo aliniambia kwa simu, na wewe bado hujaambiwa. Ulipoanza kesi ulikuwa mtoto, na mtoto hawezi kushitaki peke yake. Kwa hiyo kwenye kila karatasi ya korti, tangu kule chini, imeandikwa jina lako, halafu kwamba unasimamiwa na mama yako, halafu jina langu. Sasa umekuwa mtu mzima. Kesho, kabla hajakuuliza swali lake, watalitoa jina langu. Litabaki la kwako peke yake. Kampuni itakuwa inashitakiana na wewe, si na mtoto wa mtu.

Nilipolisikia, sikulala vizuri. Nilimwambia Madamu nitakuja na wewe, niketi hata pembeni. Akasema sawa, njoo. Nikaosha kitenge changu, kile cha buluu, nikakipiga pasi. Nilikuwa nimekwisha kupanga na maneno ya kukunong'oneza mlangoni.

Leo asubuhi, ulipokuwa unafunga begi, nilimpigia tena. Nikamwambia siji.

Akaniuliza, "Mama, unaumwa?"

Nikamwambia, "Hapana, niko mzima. Mwenye kesi anakuja, na anajua kusema."

Nimesikia sauti yako kule njiani, unarudi. Naacha hapa.

Aliyekuzaa na anayekuonea fahari,
Wabiwa